Mota Iliyoninyang'anya Kilima

Kwa Mjomba, Fundi Majokofu,
Chumba cha pili kutoka changu,
mkabala na bomba la maji.

Kuhusu: Ombi la kung'olewa kwa mota ya umeme katika baiskeli yangu ya kulalia

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, ingawa nina hakika u mzima kwa sababu nakusikia ukipiga chafya upande wa pili wa ukuta. Nimeamua kuandika badala ya kuja kugonga mlango kwa kuwa kila nikianza kulieleza jambo hili kwa mdomo, unanikatiza kwa swali lile lile: "Kwani mota haifanyi kazi?" Nami, kwa jinsi nilivyolelewa, nalazimika kukiri kwamba inafanya. Basi unarudi kwenye majokofu yako, na kesi imekwisha kabla sijafungua kinywa vizuri. Barua haikatizwi. Unaweza kuikunja, lakini itakuwa imekwisha kusema.

Kwanza nikukumbushe historia, asije mtu akasema sina shukrani. Daktari aliposema mgongo wangu umechoka kwa kuinamia vitabu, na kwamba baiskeli ya kawaida ingeumalizia, ni wewe uliyekaa uani na vyuma chakavu, minyororo iliyoungwa na magurudumu matatu, ukaniundia baiskeli ambayo mwendeshaji huketi chini akiwa ameegama, miguu mbele, kama mtu anayesubiri kunyolewa ndevu. Watu waliiita kitanda. Wengine waliniuliza napelekwa hospitali gani. Sikujali. Ilikuwa yangu, ilikwenda polepole, na mgongo ukapona. Kiti kilishonwa na fundi makochi wa pale kilima kinapoanzia, jambo ninalolitaja kwa ajili ya ukamilifu wa historia tu.

Kisha nikasafiri kikazi, na niliporudi nikakuta umeifunga mota. Hukuniuliza. Ulisimama pale mlangoni, mikono imejaa grisi, ukasema, "Mpwa wangu hatateseka tena kwenye kile kilima." Naomba uikumbuke sentensi hiyo. Nitairudia.

Sina ugomvi na ufundi wako. Betri iko chini ya kiti, mota iko nyuma, na mtu akikanyaga pedali, mota nayo hukanyaga pamoja naye. Akiacha, nayo inaacha. Tatizo ni kwamba uliipima nguvu ukiwa umeketi wewe mwenyewe, tena umepakata kompresa ya friji, ukasema ikimpandisha huyu itampandisha yeyote. Mjomba, mimi ni nusu yako nikiwa nimevaa sweta mbili. Matokeo yake ni haya yafuatayo.

1. Salamu. Kwa kuwa naendesha nikiwa nimeegama, nyayo zangu ndizo zinazotangulia kufika kwa watu. Zamani halikuwa tatizo. Nilikaribia taratibu, mzee aliona nyayo, kisha magoti, kisha uso wenye aibu ya kutosha, tukasalimiana vizuri. Siku hizi naanza "shika" mbele ya duka la vifaa vya shule, na "moo" inaangukia kwa kinyozi, ambaye ni mdogo kwangu na ameanza kuitikia "marahaba, mwanangu" kwa sauti nzito. Mwenye duka, aliyekuwa mwalimu wangu, amemwambia Mama kwamba siku hizi namsalimu kwa nyayo. Mama alikubali, maana ni kweli.

2. Kazini. Nilikuwa nikifika maktabani nimechelewa kidogo, nikihema, na Bosi kwa huruma akanipanga kwenye kona ya nyuma, kurekebisha vitabu vilivyochanika. Hakuna anayezungumza kule. Niliipenda kona ile kuliko baadhi ya ndugu. Sasa nafika kabla ya mlinzi, tena mkavu. Bosi aliponikuta nimeketi kwenye ngazi nikimsubiri, akanikabidhi funguo. Mwenye funguo huulizwa choo kiko wapi. Anayejua choo kiko wapi huonekana ana uzoefu, akatiwa kwenye kamati. Kamati ikanifanya katibu, na majuzi Bosi ameniita "mtu wa kutegemewa" mbele ya wageni. Kwa mwendo huu nitaishia kuwa mkurugenzi, na mkurugenzi huhutubia. Unanijua mimi na hotuba. Kwenye harusi ya dada nilipopewa kipaza sauti, niliwasomea wageni maelekezo ya kubadilisha betri zake.

3. Kuchoka kumefutwa. Katika nyumba hii mwenye mota haruhusiwi kuchoka. Nikirudi jioni na kujilaza, Mama anasimama mlangoni: "Umechoka na nini wewe? Si umeme ndio unaosukuma?" Nikamweleza kwamba mota inasaidia tu, miguu yangu nayo inasukuma. Akasema, "Basi nenda nayo yote miwili ukaniletee gesi." Nimebeba mtungi wa gesi. Nimebeba kabati la vyombo la jirani, mlango wake ukinipiga makofi njia nzima. Nimebeba kuku wawili ambao hawakuafiki.

4. Bibi. Hili ulilisikia lakini hukulisikia kutoka kwa upande ulioathirika. Bibi aliona kiti kizuri kimekaa kivulini, akakikalia na ungo wake wa mchele. Miguu akaiweka kwenye pedali, kwa kuwa ndipo inapofikia, akawa anaitikisa kama anavyofanya akiwaza. Mota ikadhani anataka kwenda. Akatoka uani, akapita getini, akakata kona ya fundi cherehani, Mama akimfuata na mwiko, mimi nikimfuata Mama. Tulimkuta mbele ya duka la vifaa vya shule. Alikuwa ameshika breki mwenyewe, na kilichotokea aliposhika nitakieleza kwenye namba 5. Hakumwaga punje. Isitoshe, alikuwa amesalimiana na kila mtu njiani, jambo ambalo mimi limenishinda. Tangu siku hiyo anaiita "kiti changu", na kila asubuhi inanibidi niombe ruhusa ya kwenda kazini na baiskeli yangu mwenyewe. Juzi alininyima.

5. Breki. Ili mota izimike ninaposhika breki, ulihitaji waya. Waya uliokuwa karibu nawe ulikuwa wa honi, na honi yenyewe ilitoka kwenye lori lililokufa. Ukaunganisha vyote kwa pamoja ukaniambia ni usalama. Kwa hiyo, Mjomba, mimi siwezi kupunguza mwendo bila lori kulia. Watu wanaruka mtaroni. Wanageuka kulitafuta lori, hawalioni, kisha wanatazama chini na kunikuta nimelala. Nimeacha kushika breki ila pale uhai wa mtu unapohusika, na mahali pengine pamoja nitakapopataja kwenye namba 6. Nimekuwa mtu asiyeweza kusimama popote kimya kimya, na mimi, kama unavyojua, nikisimama mahali hutaka iwe kimya kimya.

6. Kilima. Nimekiweka mwisho kwa sababu ndilo lalamiko dogo kuliko yote, na ukitaka unaweza kuliruka.

Zamani nilipofika pale kilima kinapoanzia, miguu iligoma. Hapo ndipo ilipo karakana ya fundi makochi, ambaye kila asubuhi hutoa makochi nje na kuyashona akiwa amesimama, pini mdomoni. Akiniona hutema pini, anakuja nyuma yangu na kusema, "Dada wa maktaba, hebu nikague mshono." Halafu anashika mgongo wa kiti na kuukagua mshono hadi juu kabisa. Mshono ule umekaguliwa kuliko daraja lolote. Hakuwahi kusema kwamba ananisukuma, nami sikuwahi kusema kwamba nasukumwa.

Tulikuwa tunazungumza. Mimi natazama mbele, yeye yuko nyuma, hakuna anayemwona mwenzake usoni, na kuna watu ambao huweza kusema mengi wasipotazamwa. Alinieleza jinsi anavyoijua familia kwa vitu anavyovikuta ndani ya makochi yao. Mara moja alikuta meno ya bandia, na hakuna aliyejitokeza kuyadai, ingawa mzee wa nyumba ile alikuwa amefumba mdomo tangu alipoingia. Mimi nilimweleza ninavyowatambua wanaorudisha vitabu bila kuvisoma. Alisema yeye ni mmoja wao. Nikasema nilijua. Tulipofika juu alikuwa anasema, "Mshono uko salama," kisha anateremka kurudi kwenye pini zake, nami naendelea na safari nikiwa nimelowa jasho na sina lalamiko lolote.

Siku ya kwanza ya mota alikuwa ameshatema pini. Nilimwona akinyoosha mikono. Nikampita. Nikashika breki ili nisimame, lori likalia, akaruka nyuma na kukumbatiana na kochi lisilo na miguu. Kwa aibu nikakanyaga pedali, na mota yako, ambayo kweli inafanya kazi, ikanifikisha juu kabla sijapata neno la kusema. Kila asubuhi najaribu tena kusimama, na kila asubuhi lori linalia, naye anasogea. Wiki hii ameyaingiza makochi yote ndani na kuuacha mlango nusu wazi.

Ulisema mpwa wako hatateseka tena kwenye kile kilima. Mjomba, nani alikwambia nilikuwa nateseka?

Kwa hayo, naomba kwa heshima zote mota ing'olewe.

Ikishindikana, irekebishwe ili inisaidie kwenye tambarare na kwenye mteremko, ambako sihitaji msaada, na izimike yenyewe mbele ya karakana ya makochi. Natambua kwamba hili ni kinyume cha sababu zote za mota kuwepo. Wewe ni fundi, utapata njia.

Na hilo likishindikana, nipunguzwe nguvu kwa kuongezewa mzigo. Niko tayari kupakata kompresa kila siku, ilimradi nifike pale chini nikiwa hoi.

Na likishindikana hata hilo, basi nisaidie kutafuta kilima kingine ambacho mota hii haikiwezi, kisha wewe, kama mtu mzima, umshauri fundi makochi ahamishie biashara yake chini ya hicho. Mimi siwezi kumshauri. Atauliza kwa nini.

Nisalimie wote walio upande wako wa ukuta: mkeo, ambaye najua anaisoma barua hii juu ya bega lako, mafriji yote yaliyolazwa humo ndani yakisubiri gesi, na yule paka anayelala juu ya lile linalotoa joto. Upande huu Mama anakusalimu, na Bibi anauliza kama betri imejaa.

Ni mimi mpwa wako, ninayefika kila mahali mapema na bila furaha,

Dada wa Maktaba

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii, niko mlangoni kuipenyeza chini ya mlango wako, fundi makochi alipoingia uani. Hakuja kwangu. Alimwendea Mama, akasimama vizuri, akatoa pini mdomoni na kusema, "Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi kwa dada wa maktaba. Naona naziba njia, maana kila asubuhi ananipigia honi. Nimeyaingiza makochi yote ndani, lakini bado anapiga. Sasa labda anataka niondoe na kibaraza."

Mimi niliificha barua nyuma ya mgongo. Mama naye alikuwa ameanza kucheka. Ni Bibi aliyemjibu, kutoka kwenye kiti chake, ambacho ni baiskeli yangu: "Hiyo si honi, baba. Hiyo ni breki. Anataka kusimama, hawezi."

Fundi aliitazama baiskeli. Kisha akasema, "Kumbe," na akanitazama. Ilibidi nigeuke na kumpa mgongo ili tuweze kuzungumza. Ameeleza kwamba wateja wake wengi wamehamia juu ya kilima, na mkokoteni wa makochi siku hizi unamshinda. Ameuliza kama mota hii inaweza kuuvuta ikiwa yeye anasukuma kwa nyuma. Nimesema nitamuuliza Mjomba, ila kwa ninavyoijua, inaweza.

Kwa hiyo usiing'oe. Usiipunguze nguvu hata kidogo. Makochi ni mazito, na sasa naona ulikuwa na busara kuipima na kompresa. Ninachohitaji ni ndoano imara kwa nyuma, ifungwe kabla ya asubuhi, na kamba iwe fupi, ili anayesukuma aweze kusikika akizungumza. Honi iache kama ilivyo. Amesema akiisikia atatoka.

Mshono wa kiti usiuguse. Umeanza kulegea upande wa kushoto, nimehakikisha mwenyewe kwa mkasi, na kuna mtu wa kuukagua.