Huzuni Niliyomwazima Musyoka

Jumatatu, 4 Machi 1946

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa jina la Mungu, lifunge. Kama umeshalifungua, basi usimwambie mtu hata neno moja. Si mkeo, si padri, wala si kinyozi. Kinyozi hasa! Likijulikana hili, kibarua changu kitaota nyasi.

Kibarua chenyewe: karani na mkalimani wa Daktari Mzungu hapa Changamwe, katika banda la askari waliorudi Burma na makelele vichwani. Dawa ya Daktari ni kusema tu. Hakuna sindano, hakuna vidonge. Mgonjwa anasema, mimi nafasiri, Daktari anaandika. Wagonjwa wengi wanaona wametapeliwa.

Leo kaja Musyoka, dereva wa lori, Mkamba, kifua kama mlango. Tangu arudi vitani analala chini ya kitanda. Daktari akauliza huwa anaota nini. Musyoka akajibu: mbuzi. Mbuzi gani? Mbuzi tu. Kisha kimya.

Daktari anapenda kimya. Ananyanyua kalamu na kungoja. Mimi kimya kinanitoa jasho. Dakika mbili nzima! Nikafungua kinywa nimwokoe mwenzangu, nikakisikia Kiingereza changu kikisema kwamba Musyoka alikuwa na mdogo wake, Katana, aliyezama na meli ya jeshi miaka miwili iliyopita.

Musyoka hana mdogo wake. Katana ni mdogo wangu mimi.

Daktari akajaza ukurasa mzima.

Jumanne, 5 Machi

Nimelala kama gogo! Mara ya kwanza tangu ile barua ya jeshi ifike. Ajabu. Sitarudia, bila shaka.

Jumatano, 6 Machi

Nimerudia.

Daktari aliuliza kama mgonjwa anajilaumu kwa lolote. Musyoka akaeleza, kwa kirefu, jinsi ya kupika supu ya kichwa cha mbuzi. Mimi nikafasiri jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: kwamba Katana alikuwa na miaka kumi na sita, jeshi likamkataa, akaniomba mimi mwenye mwandiko mzuri nimjazie fomu nyingine. Nikaandika kumi na nane. Ile nane niliichora kwa madaha.

Musyoka wakati huo anaikumbuka supu na kutabasamu. Daktari akaandika kwamba mgonjwa anaficha uchungu kwa kicheko, kisha akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. Musyoka akaninong'oneza: Mzungu huyu mbona anawaonea mbuzi huruma hivi?

Halafu likaja agizo. Kabla ya Jumatatu, mgonjwa aende kwa mama yake akakiri kwa kinywa chake. Asipokwenda, Daktari atampeleka mwenyewe kwa gari.

Mama yake Musyoka alishafariki. Mama yake Katana yuko Timbwani, ng'ambo ya Likoni, na sijavuka feri kwenda kumwona tangu matanga. Nampelekea sukari kwa mkono wa watu. Nimekwisha!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemweleza Musyoka kila kitu, nimefumba macho nangoja ngumi. Hakuna ngumi. Akauliza kama mama yangu anajua kupika wali wa nazi. Nikasema Likoni yote inaujua wali wake. Akasema basi, atakwenda.

Mpango ni huu. Jumamosi Musyoka anavuka, anamwambia mama ukweli wote kwa niaba yangu. Mimi nabaki na homa. Homa nimeianza leo, ili kufika Jumamosi iwe imekomaa.

Jumamosi, 9 Machi

Musyoka kaondoka alfajiri. Mimi chini ya blanketi, jua la Machi juu ya mabati. Nahisi homa inakuja kweli.

Jioni. Hajarudi. Mama kamtoa roho.

Jumapili, 10 Machi

Kafika baada ya ibada. Amenawiri!

Anasema alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa wali kwa papa mara mbili. Kisha akaanza: mama, kuna habari ya fomu. Mama akamkatiza palepale. "Mwanangu, Katana nilimzaa mimi. Unadhani miaka ya tumbo langu siijui? Kaka yake Thoya ndiye aliyeandika. Na shati la kwendea huko nililifua mimi."

Alijua! Miaka miwili yote alijua!

Akalia. Musyoka naye akalia, akamtaja Boga, utingo wake aliyeuawa kando yake ndani ya lori, ambaye hajapata kumtaja kwa mtu. Wakaketi hivyo mpaka taa ikaishiwa mafuta. Kisha Musyoka akalala kwenye kitanda cha Katana. Juu ya kitanda, mpaka kulipokucha!

Nami nimeletewa salamu zangu. Mama anasema sukari anayo tele. Anayemtaka ni mimi, niende tumlilie Katana pamoja.

Machozi yamenitoka kidogo. Ni homa. Ila nauliza: Musyoka kaitwa mwanangu kwa sababu gani? Kitanda kile mimi sikupata kuruhusiwa hata kukikalia.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari kamwona Musyoka anavyong'aa, kamwandikia kwamba amepona, faili limefungwa. Mlangoni Musyoka akageuka, akaniambia: karani, feri haiumi, nenda kwenu. Daktari akauliza amesema nini. Nikafasiri: anakushukuru sana, bwana.

Nitakwenda. Kweli kabisa. Jumamosi hii, au Pasaka. Lakini mtu hamkabili mama yake hivihivi, bila maandalizi. Nahitaji vikao viwili vitatu zaidi. Na bahati nzuri, Jumatano anaanza Bi Mwanakheri wa Mjambere, mjane wa askari. Wanasema ni mpole, hasemi sana. Maskini, hajui bado kwamba ana mdogo wake aliyezama.

Ewe mwokotaji, ukitaka kunirudishia daftari, njoo Changamwe, banda la Daktari, dirisha la nyuma, saa sita anapokwenda kula. Ulizia karani Thoya, kwa sauti ya chini. Wakikwambia ana homa, ngoja hapohapo. Usinitafute Timbwani kwa mama yangu, Mama Mbeyu, sijafika. Ila ukiwa unapita huko, na kama unapenda wali wa nazi, piga hodi umwambie niko njiani.