Injinia Levis na Chanjo ya Simu

Levis Ogutu hakuwa mwizi. Mwizi huamka mapema, na Levis hakuwahi kuonekana barabarani Malaba kabla ya saa nne. Yeye alikuwa mtu wa kusikiliza tu, na asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwa mama wa chai, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori, chapati mkononi na masikio yote mawili kwenye simu ya mwenzake.

Mwenzake alikuwa dereva mmoja mzee, Paulinus, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Simu yake haikuhitaji spika. Aliyepiga alikuwa Mama Leonida wa Busia, mwenye malori kumi na moja na sauti ya kuyatosha yote.

"Paulinus! Jana saa nane ramani ilinionyesha uko Amukura. Amukura ulikuwa unafanya nini na lori yangu?"

"Ni network, madam. Mimi nilikuwa hapa Malaba kwa foleni."

"Network ndiyo ilikupeleka Amukura ikakupakia mahindi?"

Simu ikakatwa. Paulinus akainywa chai yake polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za hali ya hewa.

Kila dereva mpakani aliijua dhiki hiyo. Zamani lori likirudi tupu kutoka Kampala, dereva alikuwa mfalme. Angeweza kusema yuko foleni anasubiri karatasi, kumbe anamsombea mtu mahindi yake hadi Busia na kutia mfukoni alichopewa. Kisha matajiri wakaerevuka. Kila dereva akapewa simu yenye ramani ndani yake, na simu ikawa ndiyo mke wa pili, haina kazi ila kusema ulipokuwa.

Levis akaona mlango uko wazi. Akasogea na chapati yake.

"Pole, mzee. Hiyo simu inakuchoma sana."

"Ni ya madam."

"Hata ungekuwa umeinunua, si yako. Wewe ni tenant tu, mpangaji. Landlord, mwenye nyumba, ako huko mbali, kwa kampuni iliyoitengeneza. Yeye ndiye anasema hapa usipige msumari, pale usifungue. Sasa mimi nafanya kitu inaitwa root. Root ni kukupea ufunguo ya landlord. Ukishakuwa nayo, unaambia simu, 'Sema tuko Malaba,' na inasema tuko Malaba. Hata ukiwa mwezini."

"Mwezini hakuna mahindi," akasema Paulinus.

Lakini akaja. Kibanda cha Levis kilikuwa cha mabati, futi sita kwa nane, na mlangoni kumeandikwa ENG. LEVIS. Shahada hiyo ya uinjinia alijitunuku mwenyewe, katika hafla iliyohudhuriwa na watu wawili, yeye na mchora mabango. Kazi ya root alijifunza kwenye video za mtandaoni, nusu yake akaielewa na nusu akaikariri, na kwa uzoefu wetu hapa mpakani huo ni usomi wa kutosha.

Wiki mbili hazikuisha kabla madereva wote kumi na mmoja wa Mama Leonida hawajapita kwenye kibanda kile, mmoja mmoja, wakitazama nyuma. Ramani ya Mama Leonida ikajaa nidhamu. Malori yakatulia foleni kama watoto wa komunyo ya kwanza, na wakati huohuo mahindi ya Amukura yakaanza kufika Busia kwa wingi wa kushangaza.

Kisha, Jumanne moja, kila simu ikaandika kwenye kioo chake: sasisho la mfumo liko tayari. Madereva, watu watiifu, wakabonyeza kukubali. Simu zikazima, zikawaka, na zikaanza kusema kweli. Robinson, mmoja wa madereva hao, aliyekuwa "Malaba", akaonekana Sio Port, kule ziwani, akipakia magunia ya omena. Mama Leonida alimpigia simu, na inasemekana wavuvi waliacha nyavu wakasikiliza.

Jioni ile kibanda kilizingirwa.

"Injinia, ile ufunguo yako imeenda wapi?" Robinson akauliza. Alikuwa amekunja mikono ya shati.

Levis alijua vizuri ulikokwenda. Simu za siku hizi zina vyumba viwili. Wewe unaishi kimoja. Sasisho likija, linapanga vyombo katika kile kitupu, kisha linakuomba uzime na uwashe. Ukiwasha, umeshahamia chumba kipya, na ufunguo wako umebaki kwenye mlango wa zamani. Dawa yake ni kuchonga ufunguo wa pili na kuuweka katika chumba kipya kabla hujazima simu. Ni kazi ya dakika tano. Levis hakuwaambia, kwa sababu malaria ikiisha duniani, mwenye duka la dawa atakula nini?

"Mabwana, hii ni update," akasema kwa huzuni ya daktari. "Update ni ugonjwa. Mimi niliwatibu, sikuwa nimewachanja. Chanjo iko. Ni elfu tatu kwa kila simu."

Waliguna, wakatukana, wakaenda kutafuta hizo elfu tatu. Ndivyo walivyo watu. Ukimuuzia mtu mwavuli unaovuja, atakurudia kununua kiraka kwako wewe wewe, maana mwingine hamjui.

Hapo ndipo Levis angenyamaza akala kwa kijiko. Lakini alikuwa na ndoto ya duka la vioo Kisumu, na ndoto ile ilikuwa ghali. Kesho yake akapanda pikipiki hadi Busia, akabisha kwa Mama Leonida.

Mama Leonida alikuwa mweka hazina wa kamati ya kanisa, na alimpokea mgeni kwa uso wa mtu anayehesabu sadaka.

"Mama, madereva wako wanakudanganya na ramani," Levis akasema. "Kuna mhuni huko Malaba anawafanyia root."

"Nani huyo?"

"Bado nachunguza. Lakini mimi ni mtaalamu. Ukinipa elfu hamsini, nitasafisha simu zote kumi na moja. Kuanzia siku hiyo ramani haitasema uwongo tena."

Uchoyo na uchungu vilishindana usoni pa Mama Leonida, na uchungu wa mahindi yaliyopakiwa kwenye malori yake bila yeye kupata hata kopo moja la gorogoro ukashinda.

"Hapa kwangu mtu hachukui pesa bila kuandika," akasema. Akatoa karatasi yenye mistari, akaandika kwa mkono wake: Mimi Levis Ogutu nathibitisha kwamba kuanzia leo ramani inaonyesha malori yalipo kweli, na likipotea lolote niulizwe mimi. "Weka sahihi. Na kitambulisho namba."

Levis aliweka sahihi yenye mkia mrefu. Karatasi ni karatasi, alijiambia, na Ijumaa yeye atakuwa Kisumu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: achukue ya mama, achukue ya madereva, aondoke kabla pande hizo mbili hazijakutana. Zikikutana akiwa bado Malaba, Robinson atamvunja mbavu na Mama Leonida atamfunga jela, na hakujua lipi litatangulia.

Jioni hiyohiyo, Levis aliporudi Malaba, madereva walikuja pamoja kwa chanjo, na Paulinus akiwa msemaji wao. Alikuwa ameivua kofia. Ndani yake mlikuwa na pesa za wote.

"Kijana yangu," akasema, "tumeumwa na nyoka mara moja. Hii kofia utaipata update ikishapita hapa hapa, sisi tukiona. Simu ya kumi na moja ikiwaka na ufunguo iko ndani, unachukua."

"Mzee, huniamini?"

"Nakuamini. Ndio maana nimekuja na macho. Na hii yangu nitafanya mimi mwenyewe, wewe unanionyesha. Safari zangu ni ndefu. Update ikinipata njiani, nitakuita wapi?"

Levis alisita. Kumfundisha mteja ni kumwua mteja. Lakini kofia ilikuwa imejaa, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Akakubali.

Basi kwa mara ya kwanza maishani mwake Levis Ogutu akafanya kazi yote, bila kuruka hatua. Akarudisha ufunguo wa kwanza, akapakua tena sasisho lile lile, akalizuia kabla ya kuzima, akachonga ufunguo wa chumba cha pili, ndipo akawasha. Ufunguo ukawa ndani. Akafanya ya pili, ya tatu, jasho likimtoka. Paulinus alikuwa amevaa miwani, akiandika kila hatua kwenye daftari la mafuta ya lori, na kuuliza maswali ya kipuuzi: "Hapa nikibonyeza mara mbili?" "Na hii maneno nyekundu, niogope?" Alipofika kwenye simu yake akafanya peke yake, kidole kimoja, polepole, na ikakubali.

Likabaki jambo la mahali. Zamani Levis alikuwa akimchagulia kila dereva nafasi yake kwenye foleni, huyu karibu na kituo cha mafuta, yule mbele kidogo. Leo alikuwa amechoka. Akatengeneza moja kwenye simu iliyokuwa mezani, akabonyeza "nipo hapa", kisha akainakili ile ile kwenye nyingine kumi.

"Umetuweka wapi?" Paulinus akauliza.

"Malaba, mzee. Malaba kabisa."

"Malaba kuzuri," akasema Paulinus, akamwachia kofia na pesa zake.

Alhamisi Mama Leonida aliifungua ramani yake akamshukuru Mungu. Malori yote yalikuwa Malaba. Hakuna Amukura, hakuna omena. Akawaonyesha hata wanakamati wenzake. Mmoja wao, mama mwenye maswali mengi, akamwuliza mbona alama ni moja na malori ni kumi na moja. Mama Leonida akapanua ramani kwa vidole viwili ili alama ziachane. Hazikuachana. Akapanua tena. Barabara ikawa pana, vibanda vikaonekana kimoja kimoja, na malori yake kumi na moja, yenye magurudumu ishirini na mawili kila moja, yalikuwa yote yamesimama ndani ya kibanda kimoja cha mabati.

Ijumaa saa nne Levis alikuwa anafunga begi. Mlango ukaingia giza.

"Levis," akasema Mama Leonida. Nyuma yake alisimama askari mmoja mrefu, Afande Etyang, kalamu tayari. "Nimekuja kuchukua malori yangu."

"Malori gani, mama?"

"Yote. Ramani inasema yako humu ndani." Akachungulia chini ya meza. "Umeyaweka wapi?"

Watu wakaanza kukusanyika. Mama wa chai akaja na birika lake. Levis alicheka kidogo, kicheko cha kuomba wenzake, lakini hakuna aliyecheka naye. Afande Etyang aliifungua karatasi yenye mistari, akaisoma kwa sauti, polepole, hadi kwenye ule mkia mrefu wa sahihi.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, afande, lakini ilikuwa ni…"

"Inasema ramani ni ya kweli."

Habari zilisafiri haraka kuliko pikipiki. Madereva walipozisikia waligeuza malori palipo na nafasi na pasipo na nafasi. Kufika saa saba yalikuwa yamerudi foleni kutoka Amukura, kutoka Funyula, Robinson akinuka samaki na kuapa kwamba hajabanduka tangu Jumatatu. Walisimama mbali, wakimtazama Levis kwa macho yaliyokwisha kuelewa alikuwa amelala pande zote mbili za kitanda. Mama Leonida alihesabu malori kwa kidole. Kumi.

Lililokosekana lilikuwa la Paulinus, lenye shehena nzima ya mafuta ya kupikia.

Mama Leonida akampigia. Ikaita mara mbili.

"Madam," ikasema ile sauti ya upole.

"Paulinus, uko wapi?"

"Niko palepale unaponiona, madam."

Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inanguruma na mtu alikuwa anaimba. Kisha simu ikakatwa, na kwenye ramani alama ya lori lake ikaendelea kukaa kwa adabu ndani ya kibanda, juu ya kiti cha Levis.

Kituoni Levis alitapika yote. Alitoa kofia, akatoa elfu hamsini, akatoa majina, akaeleza root na landlord na vyumba viwili, hadi Afande Etyang akamwambia apunguze kasi, mkono unauma. Mpakani waliulizwa wakasema lori lile halijavuka. Njiani hakuna aliyeliona, au walioliona walikuwa wanakaanga. Kuziuliza kampuni za simu kulihitaji barua ya mahakama, na barua ina siku zake.

Levis aliumia. Tusimcheke sana, aliumia kweli. Duka la vioo lilikuwa limemvunjikia usoni, na aliyemvunjia alikuwa mzee wa miwani aliyeuliza kama maneno mekundu yanatisha.

Afande Etyang aligonga kalamu mezani. Alikuwa ameanza kuielewa kazi hii, na uso wake ulipata tumaini.

"Ngoja. Wewe umesema update ikikuja, ile ufunguo inapotea na simu inasema ukweli. Si ndio?"

"Ndio, afande."

"Na update hukuja kila mwezi. Basi tunangoja tu. Mwezi ukiisha, simu ya huyo mzee itatuambia mwenyewe ako wapi."

Levis aliinamisha kichwa. Mama Leonida alisogeza kiti karibu ili asikie.

"Haitasema, afande."

"Kwa nini?"

"Huyo nilimfundisha vizuri."