Viatu Anavyovitamani Mtani

Jumatatu, 3 Juni 2024
Daktari kasema mishipa ya moyo inaziba kwa mafuta. Aspirini kila siku, matembezi kila asubuhi, na nisiongeze dawa yoyote bila kumwambia. Sikubishana naye, jambo adimu kwangu. Baba alianguka akafa shambani Matombo akiwa na miaka hamsini na tatu. Mimi nina hamsini na mbili. Nimenunua viatu vya mazoezi.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata njia ya mkato. Kitunguu saumu, tangawizi, na majani ambayo Filomena, muuza mitishamba sokoni, hakutaka kuyataja. Kasema kijiko kimoja kwa siku. Kimoja ni cha wasio na haraka. Nimekunywa vinne. Daktari ataona matokeo kwanza, kisha nitamwandikia waraka mrefu wa kumsuta.

Jirani yangu Bartholomeo kaviona viatu. Ni Mnyamwezi, mtani wangu. Kauliza ni namba ngapi. Kasema watani ndio watakaonizika, na viatu havizikwi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepanda mlima kwa bodaboda, nikashuka kwa miguu. Kushuka nako ni kutembea. Wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani walinipita wakienda sokoni. Mmoja kaniamkia shikamoo bila hata kuhema. Nikakaa kwenye jiwe. Baba alishuka milima hii na mizigo miaka thelathini. Hakuna aliyemwonya. Mimi nimeonywa. Wazo hilo halikunipendeza. Nimeongeza kijiko.

Jumamosi, 8 Juni
Fizi zinatoka damu. Pua nayo. Mke wangu Mwanvita kasema aspirini na kitunguu saumu vyote vinafanya damu iwe nyepesi, nikamwambie daktari leo hii. Nimemjibu kuwa huo ni ushahidi mishipa imezibuka. Kaificha chupa ya dawa ya Filomena.

Jumapili, 9 Juni
Nimechunguza kwa makini. Kabla ya viatu, hakukuwa na damu. Baada ya viatu, damu. Nimempelekea Bartholomeo viatu nikiwa hai, asipate raha ya kuvirithi. Nikamweleza habari ya damu na chupa, nikangoja kejeli. Hakutania. Kavishika kwa mikono miwili, akasema alfajiri atanirudishia, tutembee wote hadi kwa daktari, na chupa niibebe.

Nimemwambia amekubali kushindwa.

Chupa ilikuwa ndani ya debe la unga. Nimekunywa vijiko sita.