Misuli Isijue

Jumatatu, 3 Juni

Meza ya dirishani itaamuliwa kwa pushapu. Kauli hiyo imetolewa leo asubuhi na mhariri mkuu mwenyewe, amesimama, kikombe cha chai mkononi, mbele ya chumba kizima cha habari.

Chanzo ni hiki. Mzee wa tahariri kastaafu na kuacha meza bora kuliko zote kwenye jengo: dirisha, upepo, feni juu yake, droo inayofungika. Mimi, mwandishi wa habari za mahakama, nakaa nyuma ya mashine ya fotokopi, mahali ambapo unaweza kukausha nguo. Nimeiomba meza. Mwandishi wa michezo naye kaiomba. Huyu tunamwita Filimbi, kwa sababu huvaa filimbi shingoni na hajawahi kuchezesha hata mechi ya watoto.

Tulibishana. Nikamwambia duniani kuna watu wenye nguvu na kuna watu wa kuandika habari zao. Akaniuliza napiga pushapu ngapi. Nikasema arobaini. Mhariri akasema vizuri sana, tumemchosha: Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, saa kumi jioni, tutashuka sakafuni hapo hapo, atakayepiga nyingi abebe meza, na watu wafanye kazi.

Napiga ishirini na mbili. Ni ishirini na mbili tangu mwaka jana. Sijui arobaini ilitoka wapi!

Jumanne, 4 Juni

Ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu ilifika nusu, nikaganda hapo kama kiti cha kukunja kilichoshika kutu. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa anawahi zamu, akaniruka. Akasema nikimaliza kulala nifunge mlango.

Nikaenda kwa kocha wa jimu iliyo juu ya duka la matairi. Shingo yake ni nene kuliko paja langu. Akauliza nafanya mazoezi gani. Pushapu. Na mengine? Pushapu. Akashusha pumzi. Akasema mwili ukishazoea kitu kimoja hauna sababu ya kuongezeka. Nibadilishe: leo kuvuta, kesho kubeba, keshokutwa kupanda ngazi, na siku nyingine nipumzike. Mwili, akasema, inabidi ushtuke.

Ushtuke! Sikungoja amalize. Nimekaa mahakamani miaka mingi, najua kinachomwangusha shahidi. Si swali gumu. Ni swali asilolitegemea. Sasa misuli yangu inajua maswali yote: zulia lile lile, saa ile ile, kila asubuhi. Imejiandaa. Imeshaongea na wakili.

Kuanzia kesho naivizia.

Jumatano, 5 Juni

Tatizo ni usiri. Nikipanga zoezi, nalijua. Nikilijua, misuli inajua, maana tunaishi pamoja. Nimeandika mpango wa kesho kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usione.

Baadaye. Mkono wa kushoto nao umeshajua! Na mwandiko wenyewe hausomeki. Mpango umekufa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Anatakiwa mtu wa nje. Mama mkwe! Yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Alikuja kumwona daktari wa macho. Macho yamepona, yeye yupo.

Nikamwamkia, nikamweleza kwa heshima zote. Namwomba aniamuru kufanya jambo lolote zito, wakati wowote, bila taarifa. Akanitazama. Akauliza, lolote, baba? Nikasema lolote, mama. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika kabisa, muhimu ni misuli isijue. Akafumba macho, akatabasamu, akasema Mungu ni mwema.

Sijapata kumwona mama huyu akiwa na furaha hivyo, hata siku ya harusi yetu. Hasa siku ya harusi yetu.

Jumamosi, 8 Juni

Mashambulizi yameanza! Nikiwa napiga mswaki, mlango ukafunguliwa: baba, kabati la chumbani lihamie ukumbini. Kabati la mbao ngumu, milango mitatu, limejaa. Nikauliza nitoe nguo kwanza. Akasema nikitoa nguo misuli itajua.

Kauli nzito! Huyu mama kaielewa nadharia kuliko kocha.

Mchana, mazulia yote juu ya paa, niyapige kwa mpini wa fagio hadi niache kuuona mkono wangu kwa vumbi. Jioni nimekaa tu na chai yangu, akasema maji yamekatika, ndoo zile pale, bomba liko uani. Nikapandisha ndoo ghorofa tatu, nikashuka, nikapandisha tena. Kumbe maji hayakukatika. Nilimsikia mke wangu anaoga. Ustadi mtupu!

Mke wangu kasema ameniomba nihamishe kabati lile tangu tuhamie hapa. Nikamfafanulia kwamba sikuhamisha kabati, nimefanya zoezi. Akasema sawa. Aliisema ile sawa yake.

Jumatatu, 10 Juni

Mkakati wa pili: kumvuruga Filimbi. Nikamnunulia chai na andazi. Nikamnong'oneza kindugu kwamba siri ni kutobadilisha kitu. Pushapu tu! Zulia lile lile, saa ile ile. Mwili unapenda utaratibu.

Macho yakamlowa. Akasema alitaka kuanza kuogelea. Nikamwambia asithubutu. Akanishika bega, akasema kaka, kumbe una roho nzuri, watu wanakusema bure.

Sikuuliza watu gani. Nilikuwa na furaha mno.

Jumatano, 12 Juni

Vidole vimekakamaa. Jana nilikamua mablanketi yote ya nyumba, pamoja na moja la jirani wa chini, ambaye hata simjui. Nikamuuliza mama mkwe la jirani limeingiaje. Akasema kama ningelijua sababu, lingekuwa shambulio gani hilo? Nikakamua.

Mahakamani hakimu alipoingia watu wote wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa. Haikuwa dharau, mapaja yalikataa. Karani akanitolea macho. Nikasimama kwa awamu. Nilipofika juu, wenzangu walikuwa wameshakaa, na hakimu akaniuliza kama nina jambo la kuieleza mahakama. Nikasema sina, mheshimiwa. Akasema basi nikae. Hilo nalo lilichukua muda.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe kaamuru leo nisinyanyue kitu, hata rimoti. Nikauliza kama hili nalo ni shambulio. Akasema baba yake alikuwa na punda, akimpumzisha siku moja kila wiki, na punda yule aliwazika watu wengi. Nimeshukuru kwa mfano.

Jioni, yeye akiwa jikoni, nikaiba pushapu kidogo kwenye korido. Ishirini na mbili zikapita kama kituo kisicho na abiria. Ishirini na tano. Ishirini na nane. Thelathini! Nikapiga kelele. Jirani wa chini akagonga dari lake kwa fagio. Akalale huko, na blanketi lake safi!

Nimekaa nikatafuta sababu kwa umakini wa kikazi. Nini kimebadilika? Nimepitia kila kitu. Jibu ni moja tu. Nilikuwa nimevaa soksi nyekundu.

Alhamisi, 20 Juni

Filimbi kanifuata kwenye fotokopi. Kasema ameufuata ushauri wangu neno kwa neno. Alianza na ishirini na nane, na bado yuko ishirini na nane, hasogei hata kwa dawa, ila ana imani. Nikamwambia imani ndiyo kila kitu. Kisha nikaenda chooni, nikacheka nimeshika sinki.

Leo sofa imehamia karibu na kabati, na meza ya chakula ilipokuwa sofa. Nyumba sasa ina nafasi ajabu. Mama mkwe alinifuata nyuma akisema kushoto, baba, kushoto, kushoto kwangu mimi.

Soksi sijazifua. Mke wangu kaziweka nje, dirishani, kwa kutumia koleo.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimeshinda!

Kwa mpangilio. Saa kumi kamili, viti vikasukumwa pembeni. Mhariri akahesabu mwenyewe, kwa sauti ile ile anayotusomea makosa yetu. Filimbi akaanza. Safi, ya haraka, yenye maringo. Ishirini na nane! Kisha akalala kifudifudi, na ile filimbi chini ya kifua ikawa inatoa mlio mdogo kila alipovuta pumzi. Wapiga picha wakacheka hadi machozi.

Zamu yangu. Soksi nyekundu. Mtu akauliza ni nini kinanuka. Thelathini bila jasho! Thelathini na tatu! Ya thelathini na nne ilifika nusu, nikaganda, lakini nani anajali? Mhariri akasema meza ni yangu, na je, kuna mtu yeyote humu ndani mwenye habari ya ukurasa wa tatu.

Filimbi akanipa mkono. Akasema, lakini kaka, wewe ulisema arobaini. Wivu tu.

Jumatatu, 24 Juni

Naandika haya dirishani! Feni inazunguka! Upepo umechukua karatasi zangu za kesi ya wizi wa kuku na kuzishusha barabarani, lakini ni upepo mzuri.

Jioni nikamwita mama mkwe, nikamshukuru rasmi. Nikamwambia huduma zake hazihitajiki tena, kwa kuwa uchunguzi umeonyesha ushindi umetokana na soksi. Akauliza, soksi, baba? Nikasema soksi, mama. Akamtazama binti yake. Binti yake akatazama dari. Mama mkwe akasema haya, ila friji bado haijakaa vizuri. Nikamwambia friji si zoezi. Mimi kuanzia leo napiga pushapu tu: zulia lile lile, saa ile ile. Ule ushauri niliompa Filimbi nimeufikiria upya, na kwa kweli ni ushauri mzuri. Nashangaa kwa nini nilimpa.

Jumatano, 3 Julai

Filimbi kakata rufaa. Alikutana na kocha kwenye duka la matairi, kocha akamweleza mambo ya kubadilisha mazoezi, naye akaja moja kwa moja mezani kwangu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake akauliza kwa upole nilijizoezaje. Sina cha kuficha. Nikamwambia soksi. Akasema na kabla ya soksi? Nikacheka, nikamsimulia vituko vyote vya mama mkwe: kabati, ndoo, blanketi la jirani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Hana ucheshi yule mtu. Akaomba anwani, aje kumsalimia mama.

Mhariri kakubali rufaa. Kasema wiki ile ya mashindano ndiyo pekee tuliyowahi kuwasilisha habari kwa wakati. Marudio Ijumaa, tarehe kumi na mbili, saa kumi. Meza iko hatarini! Nimepiga thelathini na tatu. Jana pia, thelathini na tatu. Juzi pia. Huo ndio uthabiti.

Jumamosi, 6 Julai

Sijacheka hivi maishani. Nilikuwa zuliani, kwenye ya thelathini na tatu, nikasikia filimbi inalia ndani ya nyumba yangu. Filimbi ya kweli! Nikainua kichwa. Mama mkwe kaivaa shingoni. Anaipuliza kila anapotaka kitu kisogee. Na nyuma ya kabati langu, jasho linamchuruzika, anasukuma mwandishi wa michezo. Linarudi chumbani! Lilipokuwa mwanzo! Pamoja na nguo!

Nilikuwa njiani. Mama mkwe akapuliza mara mbili, nikaambiwa nisogee, baba, mwenzako anafanya kazi. Nikajiviringisha pembeni. Kabati likapita. Mara ikafuata friji. Filimbi akanisalimia kwa kichwa, mikono ilikuwa imejaa, akasema jana alipandisha maji na leo asubuhi kapiga mazulia, na kesho kaambiwa apumzike. Akipiga pushapu nyumbani kwake, akaongeza, amefika thelathini na tano na hajui kwa nini.

Mimi najua kwa nini. Anapiga porojo. Maskini! Mtu mzima anafanywa punda kwenye nyumba ya watu, na haoni! Nikamwonea huruma. Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama mimi, si yeye. Akauliza kama kuna kitu chochote, kitu chochote kabisa, ninachokiwaza hivi sasa. Nikamwambia kipo. Akasogea karibu. Nikamwambia nawaza kwamba soksi ya kushoto imetoboka, na nikiishona huenda nguvu zikapungua. Akaenda jikoni. Nilisikia kitu kimeanguka.

Thelathini na tatu leo. Marudio ni Ijumaa, saa kumi jioni, chumba cha habari. Maandalizi: pushapu, zulia lile lile, saa ile ile. Jumatatu nitapima dirisha kwa ajili ya pazia.