Maharage ya Jenerali

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimelia kwenye kibanda cha filamu mpaka mtoto wangu Gad akaacha kunyonya ili anitazame. Ni ile filamu ya Wachina, ya zamani, watu wenye nywele ndefu na mikono ya nguo inayofagia chini. Jenerali ameenda vitani. Mke wake, Bibi Mweupe, anamngoja mlangoni, theluji inamjaa kichwani, hatikisiki. Hata mwavuli hana!

Mimi nilimngoja Baudouin barabarani siku ya Noeli. Mvua ikanipiga tangu asubuhi mpaka saa kumi. Marcienne jirani akasema nina kichaa. Kumbe ni mapenzi. Wachina wanajua.

Baudouin ni bwana yangu. Miezi saba yuko Bwizibwera, fasi wanapokusanya maziwa. Alipoondoka Gad hakuwa na jino. Sasa yako manne. Simu yake haipatikani tangu Pasaka.

Nimefanya agano na Mungu, kimyakimya, katikati ya filamu. Jenerali akirudi, Baudouin naye anarudi. Nilipomaliza kusema amina, betri ya sola ikazima.

Jumanne, 10 Juni

Mambo mabaya. Jenerali amepigwa mshale kifuani! Déo, anayetutafsiria kwa kipaza sauti, akasema daktari hana dawa.

Nimefikiri mingi wakati wa kupalilia. Hapa kwetu Juru watu wote wanajua Déo hajui Kichina. Anasoma Kiingereza kinachopita chini ya picha, nacho kinamzidi mbio. Akikosa, anajaza. Basi kama anajaza, ajaze vizuri.

Nimempelekea bakuli la maharage mapya, na mawese, na kitunguu. Nikamwomba: kaka Déo, jenerali asife. Akasema yeye ni mtafsiri, si Mungu. Akala yote. Akalamba kijiko. Akasema ataona.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Walimfunika jenerali shuka jeupe, askari wakapiga magoti, wakalia. Déo akatangaza kwamba jenerali amechoka sana, ameomba asisumbuliwe. Wakamlaza ndani ya sanduku. Déo akasema hicho ni kitanda cha wakubwa, kina mfuniko kwa sababu ya mbu.

Watu wakamzomea. Mimi nikapiga makofi peke yangu. Halafu Gad naye.

Marcienne akageuka mbele ya wote: eh, Mama Gad, hata maiti unaingoja? Nikamwambia mtu aliyelala haitwi maiti. Akasema basi nimpelekee uji.

Alhamisi, 12 Juni

Jenerali ameamka! Kweli kabisa, siyo Déo, sote tumemwona! Kumbe alijifanya mfu kuwadanganya maadui. Anarudi nyumbani juu ya farasi. Nikasimama, nikamwinua Gad ili aone vizuri.

Nyuma yake, juu ya farasi yuleyule, mwanamke. Nguo za kijani. Amemshika kiunoni.

Déo akasema huyu ni bibi arusi mpya, jenerali anampenda sana, yule wa theluji aende kwao. Sikuamini masikio yangu. Nikainama. Chini ya kiti cha Déo kulikuwa na sahani yenye vichwa vya ndagaa. Marcienne anauza ndagaa!

Nilimfuata Marcienne nje. Nikamwambia ameninyang'anya jenerali. Yeye ni mke wa pili wa Venuste, nilisahau hilo mpaka nilipoyaona macho yake. Akaniuliza, kwani wa pili si mtu? Wa pili hangoji?

Jibu nililipata baadaye, zuri sana, lakini nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepeleka sufuria nzima. Na parachichi juu.

Déo akarekebisha. Akasema jana kulikuwa na kosa dogo. Bibi wa Kijani ni dada wa rafiki wa jenerali, anamshika tu asianguke, kidonda bado kibichi. Marcienne akaruka juu ya benchi, akamwita mwongo mwenye tumbo kubwa, akamdai ndagaa zake zirudi kama zilivyokuwa.

Ndipo Déo akaweka kipaza sauti chini, akakiri. Maandishi yaliisha tangu Jumatano. Hakuna hata herufi moja. Anaona tunachoona sisi.

Halafu bibi mmoja wa nyuma akamwambia aendelee tu, tumekaa bure.

Jumapili, 15 Juni

Saudah, yule mfanyabiashara wa Mbarara, amekuja kununua maharage. Amepitia Bwizibwera. Ana kifurushi kutoka kwa Baudouin! Nilikimbia na kiatu kimoja.

Shati la Gad. Halipiti kichwani. Ni la mtoto asiye na meno.

Na foto. Baudouin amenenepa, amependeza. Amesimama kati ya mitungi ya maziwa. Pembeni yake mwanamke mwenye sweta ya kijani, amemshika kiwiko. Nyuma ya foto hakuna neno.

Nikamuuliza Saudah huyu ni nani. Akaangalia gunia. Akasema, dada yangu, mimi nanunua maharage tu.

Marcienne akaja kuiona. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akamchukua Gad mgongoni, akaniambia nilale kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimechemsha maharage niliyoweka ya mbegu. Siyo yote. Nusu. Nikampelekea Déo pamoja na foto, nikamwomba atafsiri.

Akasema, Mama Gad, hapa hapana maandishi. Nikamjibu, najua, hata kwenye filamu hayakuwapo.

Akaitazama muda mrefu. Akaitazama sufuria. Akala polepole, kichwa chini, safari hii hakulamba kijiko. Akasema mwanamke huyu ni dada wa shefu, mkubwa wao wa kazi. Anamshika kwa sababu maziwa yalimwagika, panateleza. Na Baudouin anarudi baada ya mavuno.

Nilijua! Maziwa yana mafuta, lazima pateleze. Hata sakafu kwenye foto inang'aa, ukiangalia kwa upande.

Nimepasua shati shingoni na kukata mikono. Sasa Gad anaingia. Jino la tano linachungulia. Nimelikataza: lisubiri, baba aanze kwanza kuyaona haya manne.

Kesho nachemsha nusu ile nyingine. Nilisahau kumuuliza Déo ni mavuno ya mwaka gani.