Kompyuta ya Baba Mkwe Mtarajiwa

Jumatatu, 6 Mei
Mdomo huu utaniponza. Leo nimejitambulisha kwa baba yake mchumba wangu, mpima ardhi mstaafu. Anaandika habari za maisha yake kwenye kompyuta ya mezani, yuko ukurasa wa sitini na moja. Akalalamika kwamba herufi ni ndogo, macho yamechoka, anaandika lakini hawezi kujisomea. Nikajisikia nikisema kompyuta ndiyo fani yangu. Fani gani! Nauza viti vya ofisi. Mchumba akanikanyaga chini ya meza. Mzee akasema nije kesho niirekebishe, suala la kumwoa binti yake tutaliongea kazi ikiisha. Nashukuru sana. Wengine wangenitimua.

Jumanne, 7 Mei
Herufi nimezikuza. Mno. Neno moja linajaza kioo kizima. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo ili zipungue, lahaula! Kila kitu kikapinduka, miguu juu kichwa chini. Saa nzima natoka jasho. Mwisho akili ikanijia: nimekipindua kioo chenyewe, nikakiegemeza kwa kamusi mbili. Maandishi yakakaa sawa! Mzee alikitazama kioo, akanitazama mimi, akasema ahsante mwanangu. Mwanangu! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 8 Mei
Kamusi zimeteleza. Kioo kimelala kifudifudi kwenye chai ya Mzee, ila hakikuvunjika, namshukuru Mungu. Nimefika nikamkuta dada yake mchumba, karani wa benki, keshakifuta. Akabonyeza mara moja tu, maandishi yakasimama wima, herufi za kadiri. Akaniuliza mbele za watu nilisomea chuo gani. Nikamjibu nimejifunzia kazini. Namshukuru shemeji kwa msaada wake, lakini kile kicheko sijakisamehe.

Ili nimzibe mdomo, nikaingia kwenye mipangilio nikawasha kila kilichozimwa. Loo! Kompyuta sasa inaongea! Nikigusa chochote inakitaja kwa sauti. Kiswahili chenyewe inakisoma kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege leo asubuhi. Kuizima nimeshindwa. Nimemwambia Mzee nitamalizia kesho, nikatoka mbio bila kufunga mlango. Ndoa basi tena.

Alhamisi, 9 Mei
Nimekwenda kwa sababu mchumba amesema nisipokwenda nisimpigie simu tena. Nikamkuta Mzee ameketi, amefumba macho, kompyuta inamsomea kurasa zake. Ilikuwa imefika pale anapomwelezea marehemu mkewe, jinsi alivyokuwa akimshikia kamba ya kupimia huku akimtania kwa kofia yake. Mzee akafuta machozi. Akasema miaka miwili anaandika asichoweza kukisoma, na leo amemsikia mama watoto kwa mara nyingine. Shemeji akampa leso. Mimi nililia, sifichi.

Kisha Mzee akataka isome ukurasa mpya alioandika asubuhi. Ile sauti ya kigeni ikasema kwamba kijana anayemtaka binti yake hajui lolote kuhusu kompyuta. Nikatamani ardhi ipasuke. Ikaendelea: ameharibu akarudi, ameharibu tena akarudi, na anayerudi kwenye aibu yake hatamkimbia mke. Kwa hiyo amekubali. Sharti ni moja, asiiguse tena mashine hii. Mchumba akapiga vigelegele peke yake sebule nzima. Nimempigia Mzee magoti nikamshukuru mpaka akaniambia inatosha.

Jumamosi, 11 Mei
Nawashukuru wote. Mchumba kwa kunikanyaga, shemeji kwa kukifuta kioo, Mzee kwa moyo wake. Hata lile sharti nimelielewa: hataki nichoke, mtu muungwana sana. Leo wametoka kuwaalika mashangazi, mimi nimebaki kulinda nyumba.

Saa ya kompyuta imechelewa dakika kumi. Mzee anastahili saa sahihi. Nitamfanyia kimyakimya, iwe ndiyo shukrani yangu. Pa kurekebishia saa sijapaona, lakini nimepaona mahali panapoahidi kufuta yote na kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kiwandani saa ilikuwa sahihi, hilo halina ubishi. Mashine imeniuliza kama nina hakika.

Nina hakika.