Jina Langu Sakafuni

Wenzangu mliobaki Gulu, mimi hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nimelala porini fisi wakicheka karibu na kichwa changu. Tuliporudi Juba baada ya amani nilianza na debe moja la chumvi, leo nina maduka mawili hapa Kator. Shule niliishia darasa la pili, na waliomaliza wanakuja kwangu kukopa sukari. Lakini leo nimeaibishwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe!

Kanisa letu linataka kuezeka darasa la watoto. Leo wazee walikuwa wachague mtu wa kushika pesa. Tulikuwa wawili: mimi, na Paulino muuza samaki wakavu. Nikasema mkutano ufanyike kwangu, sebuleni, juu ya vigae vipya. Wakiona sakafu ile, nani atamkumbuka Paulino?

Vigae vimekuja na lori kupitia mpakani Nimule, vyeupe na vyeusi. Fundi Idris, mtu wa Omdurman, alinipangia mitindo uani nichague. Mistari iliyonyooka. Mshazari. Nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti.

"Baba Kiden, hii ya drafti inatosha," akasema mke wangu.

Inatosha! Mimi nijenge nyumba ya kutosha?

"Weka jina langu," nikamwambia Idris. "LUKA. Nyeusi juu ya nyeupe, kubwa, mtu akiingia alisome."

Idris anasoma Kiarabu tu, herufi zetu hazijui. Hakuna shida! Nikamchorea kila herufi kwenye kipande chake cha boksi, nikampa moja moja: hii kwanza, hii inafuata, hii tena, hii ya mwisho. (Nilijiona nina akili sana.) Akapanga, akafunika na magunia yenye maji ili saruji ishike. Nikakataza mtu yeyote kuchungulia.

Leo wakaja. Padri, wazee wote, na Paulino na harufu yake. Nikasimama katikati.

"Waheshimiwa, mtazameni mtu mnayemchagua!"

Nikavuta magunia.

Padri akakohoa. Mzee mmoja akainama, akasoma polepole: "A-kul."

"Luka," nikamsahihisha.

"Hapana, bwana. Hapa pameandikwa akul."

Ninyi huko Gulu mmeshasahau Kiarabu. Akul ni kula. Kula! Idris alianza mkono wa kulia akaelekea kushoto, kama wanavyoandika kwao. Na mimi nagombea kushika pesa za kanisa!

"Tumshukuru," akasema Paulino. "Wengine hula kwanza, ndipo tunajua."

Nyumba nzima ikapasuka. Padri, mtu wa Mungu, anafuta machozi kwa kanzu!

Nikamburuta Idris kutoka uani. "Umenifanya nini wewe?"

"Ya Luka, si ulisema hii kwanza? Nimeiweka kwanza."

"Kwanza ni kushoto!"

"Kushoto?" Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye homa. "Nani anaanza kushoto?"

(Mtauliza mbona mimi sikuona nilipovuta magunia. Nilihesabu herufi zangu nne, zote zipo. Msinichokoze.)

Wakapiga kura kwa mikono. Paulino akapata yote, hata wa shemeji yangu, ambaye kila Jumapili anashibia mezani kwangu! Hapo damu ikanipanda. Nikapanda juu ya kiti.

"Mimi sili cha mtu! Mnasikia? Mabati ya paa lote natoa mimi! Leo! Taslimu!"

Nilidhani wataona aibu, waseme hapana, bwana Luka, tumekukosea, nafasi ni yako. Wakapiga makofi. Mama Kiden akafunika uso kwa kitenge. Paulino akavuta kiti changu kizuri, akakaa, akakunjua mfuko wake wa samaki.

"Kanisa linapokea," akasema. "Tena ulisema leo, ndugu yangu."

Basi nimeingia chumbani kufungua sanduku la pesa, ndimo ninamowaandikia, wao wananisubiri wakinywa chai yangu. Atakayecheka asinijibu barua hii. Hesabu ya mabati, misumari na nauli ya lori: pauni mia moja themanini na tatu, na girishi arobaini.